Kupuliza obo ukiwa Moshi, na jinsi ya kuifanya ridi idumu

Siku ya kwanza nilipopuliza ridi peke yake, bila obo, jirani yangu alichungulia juu ya ua wa michongoma akauliza, "Shemeji, huyo bata mnamchinja leo au kesho?" Nikamwambia ni ala ya muziki. Akaguna, akarudi kwenye migomba yake. Ukianza obo nyumbani Moshi jiandae kuulizwa hivyo, na jibu halitakuja haraka, maana miezi miwili ya mwanzo bata kweli yupo.

Kwa asiyeijua, obo ni bomba jeusi la urefu wa kama sentimita 65. Kwa mbali linafanana na klarineti, ila juu hakuna kipande cha kung'ata kwa meno. Kuna ridi tu: bapa mbili nyembamba za tete, zimefungwa kwa uzi juu ya kibomba cha chuma, nazo hutetemeka zikipigana zenyewe kwa zenyewe. Mtu wa pwani nitamwambia kwa kifupi kwamba ni ndugu ya zumari. Tofauti ni kwamba mpiga zumari huimeza ridi yote na kuiacha itetemeke huru mdomoni, wakati mpiga obo huishika kwa midomo na kuiongoza. Ndiyo maana zumari husikika mtaa wa pili harusini, na obo huweza kupigwa sebuleni mtoto akiwa amelala. Akishalala, lakini.

Mwongozo huu umelalia zaidi kwenye ridi kuliko kwenye vidole, na sababu ni umbali. Chati za vidole ziko tele kwenye simu. Ridi hazipo. Sijapata kuona duka la Moshi wala Arusha linalouza ridi za obo. Zangu zote zimekuja kwenye mabegi ya watu, zimefungwa ndani ya soksi. Ridi nzuri iliyotengenezwa kwa mkono huko nje ni kama dola 15 hadi 30, na ikipigwa kila siku huchoka ndani ya wiki mbili tatu. Piga hesabu mwenyewe. Mwanafunzi wa Ulaya ridi ikimsumbua anatoa nyingine. Sisi tunaitibu.

Kabla ya kuchukua obo

Nyingi ya obo zinazofika huku ni za mitumba au za kupewa. Tazama mambo matatu.

Kwanza, imetengenezwa kwa nini. Obo za wanaoijua kazi ni za mpingo, mti wetu wenyewe, ule unaokatwa Lindi na Ruvuma, unapanda meli kwenda Ulaya na kurudi ukiwa na vibonyezo vya fedha. Hapa Moshi mti huo una historia yake nyingine: marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alitumia miaka mingi kuhamasisha upandaji wa miche ya mpingo. Nampenda mpingo, lakini kwa anayeanza nashauri obo ya plastiki. Mpingo hupasuka, hasa kipande cha juu, na nitaeleza mbele kwa nini Julai ya huku ni mbaya kwake.

Pili, mfumo wa vidole. Obo za zamani kutoka Uingereza nyingine zina kibonyezo cha gumba la kushoto, na noti za B flati na C hupigwa tofauti na chati za kawaida za mfumo wa konsevatuari. Si ubovu, ila usipojua utakesha ukidhani vidole vyako ndivyo vibovu.

Tatu, pedi, yaani vile vifuniko laini chini ya vibonyezo vinavyoziba matundu. Weka kipande cha karatasi ya kusokotea sigara chini ya kila pedi, funga kibonyezo taratibu, vuta karatasi. Ikitoka bila kushikwa, hewa inavuja hapo. Obo ikivuja juu, noti za chini hazitatoka hata ukipuliza mpaka macho yatoke. Skrubu ndogo zilizo juu ya vibonyezo ndizo zinazosawazisha pedi. Bisibisi ya fundi saa inatosha. Usigeuze zaidi ya robo mzunguko, na usigeuze kabla ya kupiga picha ilivyokuwa. Mimi niligeuza tatu kwa mkupuo, nikakaa wiki nzima na bomba lisilotoa kitu chini ya G.

Kuanza kila siku

Tia maji ya kunywa kwenye kichupa kidogo, kile cha dawa ya kikohozi kinafaa. Simamisha ridi humo, ncha chini, maji yafike karibu na uzi lakini kizibo, ile koki inayozunguka kibomba, kibaki kikavu. Maji ya uvuguvugu, dakika mbili hadi tatu. Ya baridi, tano. Ukiisahau robo saa itavimba, mdomo wake utafunguka mno, na siku hiyo itakuwa ngumu kama ubao. Na usiiloweshe kwa mate. Najua inajaribu, hasa ukiwa kanisani na kichupa kimebaki nyumbani, lakini mate yana vimeng'enya vinavyolila tete taratibu.

Wakati ridi inalowa, unganisha obo. Ina vipande vitatu. Paka mafuta kidogo kwenye vizibo vya maungio, kisha zungusha huku na huku kwa hatua ndogo, bila kusukuma kwa nguvu na bila kubana vibonyezo virefu vinavyovuka kutoka kipande hadi kipande. Hivyo vikipinda, fundi wa karibu hayupo. Ridi huingia mwisho kabisa, nayo izame hadi mwisho wa tundu.

Hapo katikati kuna hatua ambayo wengi huiruka: ijaribu ridi kabla ya kuichomeka. Iingize mdomoni mpaka midomo iguse uzi, puliza bila kubana. Itatoa mlio wa kukwaruza, ambao wapigaji wanauita kunguru. Sikiliza ndani yake. Ridi iliyokwanguliwa kwa mtindo wa Kimarekani, yenye sehemu ndefu iliyokwanguliwa, inayoshuka karibu hadi kwenye uzi, inatakiwa itoe C mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini. Ya mtindo wa Ulaya, iliyokwanguliwa sehemu fupi tu, mlio wake si lazima uwe hivyo, lakini nayo iitike upesi bila kusukumwa. Ikiwa kunguru hatoki, au anatoka baada ya kusubiri, tatizo ni ridi. Lijue sasa, kabla hujaanza kuilaumu midomo yako. Nimewaona wenzangu wawili wakiacha obo kwa kudhani hawana kipaji, kumbe ridi zao zilikuwa zimekufa tangu Krismasi.

Midomo na pumzi

Weka ncha ya ridi katikati ya mdomo wa chini, kisha ukunje mdomo huo kidogo ufunike meno, kama unayesema "mmh" kwa mtu usiyemwamini. Mdomo wa juu nao ufunike meno. Pembe za mdomo zije ndani, zisivutwe nyuma kwa tabasamu. Ridi iingie kidogo tu, milimita chache. Ukisikia sauti imepanda na kuwa nyembamba, unauma.

Sasa pumzi, na hapa obo ni ya ajabu. Mwenye tarumbeta au saksafoni huishiwa hewa. Mwenye obo hubaki nayo. Tundu la ridi ni jembamba mno hivi kwamba hewa haitoki yote; unafika mwisho wa mstari kifua bado kimejaa, ila hewa yenyewe imechakaa. Ukiongeza nyingine juu yake, kichwa kinaanza kuzunguka. Kwa hiyo jifunze kutoa kwanza, halafu kuvuta. Kwenye karatasi ya wimbo naweka alama mbili tofauti kwa penseli, moja ya kutoa na moja ya kuvuta, na mara nyingine haziko mahali pamoja.

Anza na noti tatu za mkono wa kushoto: B, A, G. Kwa waliolelewa na kwaya za solfa, zile za do-re-mi, hiyo ni "mi, re, do" ambapo Do ni G. Shika kila moja kwa hesabu ya nane, polepole, ukitazama programu ya kupimia sauti kwenye simu, A ikiwa 440. Usipande juu mpaka hizo tatu zitulie. Ukifika D ya juu utakutana na nusu tundu: kidole cha shahada cha kushoto hakiinuki, kinabingirika kidogo kuachia kijitundu. Kinabingirika, usikitelezeshe, wala usikirushe.

Dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni zinashinda saa nzima mfululizo. Midomo ya mgeni huchoka kabla ya akili, na midomo iliyochoka huanza kuuma ridi, na ridi iliyoumwa hupasuka ncha.

Baada ya kupiga

Toa ridi kwanza. Puliza kwa nguvu upande wa kibomba ili maji yatoke, ipanguse taratibu, iweke kwenye kisanduku chenye matundu. Usiirudishe kwenye kile kibomba cha plastiki ilichonunuliwa nacho. Hakipumui, na masika ukungu utaota humo kama uyoga shambani. Mimi nilitoboa kisanduku cha sabuni kwa msumari wa moto, nikapanga ndani vipande vya sponji vyenye mkato. Kimenigharimu kidogo kuliko soda.

Kwa bomba lenyewe, kitambaa cha hariri chenye uzi ndicho cha kisasa, lakini kipande cha juu cha obo ni chembamba sana kwa ndani na kitambaa kilichokunjamana hunasa humo. Kikinasa, usikisukume kwa kijiti. Wazee wa ala hii walitumia unyoya wa bata mzinga, na hadi leo wapo wanaoutumia. Nimeupenda. Jamaa mmoja huku Pasua anafuga bata mzinga. Aliponipa manyoya matano alitaka kujua ni dawa ya nini. Yaoshe kwa sabuni, yakaushe kabisa, upitishe moja taratibu ndani ya kila kipande. Maji yakinasa chini ya kibonyezo kidogo cha oktava na noti ikaanza kugugumia, rudisha ile karatasi ya sigara chini ya pedi, funga, subiri inywe.

Kanuni moja ya mdomo: sukutua kabla ya kupiga. Chai ya maziwa yenye sukari, ndizi mbivu, na hasa mbege, huacha utando kwenye tete. Ridi yangu bora kuliko zote iliharibika siku ya ubatizo, na sitaki kueleza zaidi.

Daftari la ridi

Usiwe na ridi moja. Uwe nazo tatu zinazozunguka, kila moja ipumzike siku moja au mbili. Tete likilowa na kukauka kwa nafasi hudumu zaidi kuliko likilowa kila siku. Kwa kuwa zinafanana, funga kila moja uzi wa rangi yake chini karibu na kizibo, halafu chukua daftari la shule la kurasa 40. Andika tarehe ilipofika, dakika ulizopiga, na neno moja kuhusu hali yake: ngumu, laini, chini, juu, imefunga. Baada ya mwezi utaona jambo ambalo kichwa hakikumbuki. Zangu hufikia ubora wake baada ya kama saa tatu za kupigwa, zinakaa vizuri kwa saa kumi hivi, kisha zinaanza kushuka sauti. Sasa sipelekei ibada ridi yenye saa moja wala yenye saa kumi na tano.

Kila wiki mbili nazisafisha. Hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda kwenye duka la dawa, dakika mbili tatu. Itatoa mapovu ikitafuna uchafu. Halafu suuza sana kwa maji safi na uache ikauke. Ridi iliyodhaniwa imekufa mara nyingi hufufuka kwa siku nne tano.

Kuitibu ridi

Hapa ndipo penye kazi. Zana zangu: msasa namba 600 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, wembe mpya, kipande cha bati laini kilichokatwa kwenye kopo la soda na kusuguliwa kingo zote zisikate, na kitufe cha mpingo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia tano. Hicho cha mwisho nilimwomba mchonga vinyago wa Arusha. Akanisugulia kwa dakika tano, uso umebinuka kidogo. Baadaye ndipo niligundua kwamba hata watengeneza ridi wa ng'ambo hukatia juu ya kitufe cha mpingo kama hicho.

Fanya kila tiba ridi ikiwa imelowa, na baada ya kila mguso mdogo ijaribu tena. Hatua kubwa haina marudio.

Mdomo wa ridi ukiwa wazi mno, inakula pumzi na sauti inashuka: bana bapa mbili kwa vidole, juu kidogo ya uzi, hesabu kumi, achia. Rudia. Ikiwa imefunga, sauti imebanwa na haitoki: bana pembeni, kingo kwa kingo, mdomo utafunguka.

Ikiwa inavuja: ziba tundu la kibomba kwa kidole, puliza ndani kwa nguvu huku ridi iko juu ya maji kidogo au umeilowesha. Mapovu yakitoka ubavuni, hewa inapita kati ya bapa. Chukua ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, kipande chembamba, zungusha mara mbili tatu juu ya mwisho wa uzi na mwanzo wa tete. Isipande mpaka sehemu iliyokwanguliwa, la sivyo utaziba uhai wake.

Ikiwa ngumu: ingiza kile kibati kati ya bapa, laza msasa kwenye ncha tu, sugua kuelekea nje mara tatu. Geuza upande, mara tatu. Pembe za ncha ziwe nyembamba kuliko katikati. Jaribu. Sehemu nene iliyo nyuma ya ncha inaitwa moyo, nao ndio unaobeba sauti. Usiuguse mwaka wa kwanza. Nitarudia kwa sababu najua hutanisikia: usiuguse.

Ikiwa laini na inashuka sauti, inalia kama nzi: laza ncha juu ya kitufe cha mpingo, weka wembe wima, kata unywele tu. Ukikiona kipande ulichokata kwa urahisi, umekata kingi.

Nilijaribu pia kutengeneza ridi yangu kutoka kwenye matete ya kando ya mto Weruweru. Tete la obo, kwa kitaalamu Arundo donax, hulimwa zaidi jimbo la Var kusini mwa Ufaransa, hukaushwa muda mrefu, na huchaguliwa yenye kipenyo cha kama milimita 10. Langu nililianika juu ya bati la jikoni miezi mitatu. Lilitoa mlio mmoja, mzuri kiasi, kisha likachanika katikati. Atakayefanikiwa nitamnunulia mtori.

Zipo pia ridi za sintetiki. Kampuni ya Légère ya Kanada hutengeneza. Haziloweshwi na hazijali kiangazi, ila bei yake ni mara kadhaa ya ridi ya tete. Ukimpata wa kukuletea, moja ya akiba ni busara kwa siku za mazishi na harusi za nje, unapokaa saa nzima kwenye vumbi bila kupiga halafu ghafla unaitwa.

Majira

Juni hadi Agosti huku ni baridi na mawingu, na hapo ndipo obo ya mpingo hupasuka. Sababu ni rahisi. Unapuliza hewa ya moto na maji ndani ya bomba la baridi. Ndani mti unatanuka, nje bado umebana. Basi usipulize ukitoka tu kulitoa kwenye sanduku. Lishike kwapani dakika kumi, hasa kipande cha juu, chini ya sweta. Watu watakutazama. Bomba baridi pia hulia chini, kwa hiyo usianze kukata ridi kabla halijapata joto. Obo mpya ya mpingo wiki za kwanza ipigwe dakika kumi na tano tu kwa siku.

Januari na Februari mambo hugeuka: joto, ukavu, vumbi. Pete za chuma kwenye maungio hulegea kwa sababu mti umesinyaa. Weka ndani ya sanduku kijisahani cha sabuni chenye sponji iliyokamuliwa, au ganda la chungwa kama walivyofanya wa zamani. Ganda libadilishwe kila baada ya siku mbili, halikawii kuota ukungu. Na kamwe usiiache kwenye gari pale sokoni Mbuyuni ukishuka kununua ndizi.

Kupanda Arusha

Kikundi chetu hukutana Arusha mara moja kwa mwezi, na safari ya kilomita 80 hivi ndiyo iliyonifundisha mengi. Moshi iko kwenye mita 800 na kitu, Arusha karibu 1,400. Ridi iliyokuwa ikiimba sebuleni kwangu, nikifika Sakina, Arusha, inakuwa nzito, inachelewa kuitika, kwa sababu ya mwinuko, hewa kavu na ubaridi kwa pamoja. Mwanzo nilikuwa natoa msasa pale pale na kuipunguza ncha. Mazoezi yalikwenda vizuri. Nikirudi Moshi, ridi imekuwa laini kupita kiasi, haishiki sauti, na hakuna msasa unaorudisha tete lililokwisha ondoka.

Siku hizi nailowesha dakika mbili zaidi, nabana kingo kuurekebisha mdomo, na napiga noti ndefu za chini robo saa kabla ya wenzangu kufika. Isipokubali, ninayo moja yenye uzi mwekundu, laini kuliko zote, ambayo Moshi haitoki kisandukuni. Daftarini imeandikwa "Arusha tu".